Moshi wa mashine za dizeli: anza na hewa kabla hujagusa pampu

Simu ya kwanza ya asubuhi huwa ni ileile: "Fundi, mashine inatoa moshi." Kabla sijabeba spana huwa nauliza maswali matatu. Moshi una rangi gani? Unatoka wakati gani? Nani aliigusa mashine mara ya mwisho? Swali la tatu ndilo linaloleta kimya.

Karakana yangu iko Nyakato, Mwanza, na kazi zangu nyingi ni za mashine zisizopita barabarani: vijiko, greda, krasha za kokoto, jenereta, kompresa za wachimbaji wadogo kuelekea Misungwi na Geita, pampu za kumwagilia kando ya ziwa. Hizi hakuna askari wa barabarani wa kuzisimamisha. Zinafuka miaka na miaka mpaka siku tajiri atakapoona bili ya dizeli imepanda. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta kwanza ni opereta na wale vijana wanaopakia kokoto wakiwa wamesimama usawa wa bomba.

Ninachotaka kukuambia ni hiki: mafundi wengi wa hapa, nami nilikuwa mmoja wao, wakiona moshi wanakimbilia nozeli (vipulizio vya dizeli) na pampu. Ni sehemu za gharama, na mara nyingi hazina kosa.

Moshi mweusi mashine ikishika mzigo

Hii ndiyo kesi ya kila siku. Moshi mweusi ni masizi, yaani dizeli iliyopata moto ikakosa hewa ya kumalizia kuungua. Lita moja ya dizeli inataka si chini ya kilo 12 za hewa, na ili isitoe moshi inataka zaidi ya hapo. Sasa kumbuka tulipo. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 ukilinganisha na Dar es Salaam. Mashine isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) iliyopimwa pampu Dar ikaletwa Mwanza vilevile ilivyo itafuka hata kama kila kitu ndani yake ni kizima. Nimeshaona injini za krasha za namna hiyo. Dawa yake ilikuwa kupeleka pampu kwa fundi pampu apunguze mafuta kidogo, na tajiri akubali kwamba nguvu ya pwani haipo huku.

Mashine yenye turbo inajitetea vizuri zaidi, ila nayo ina mahali pa kukosea. Fuata njia ya hewa kwa mkono, kuanzia inapoingilia.

Eya klina kwanza. Miamba ya Mwanza ni graniti, na vumbi la krasha ni kama unga wa msasa. Kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekata, filta inayotakiwa kukaa mwezi inaweza kuziba kwa wiki. Mashine nyingi zina kile kidude cha plastiki kwenye bomba la hewa chenye alama nyekundu. Kwa injini nyingi zenye turbo alama hiyo hupanda upinzani ukifika inchi 25 za maji, yaani kilopaskali 6 na kidogo. Kikiwa hakipo au kimevunjika, nunua kingine. Ni rahisi kuliko nozeli moja.

Tafadhali acheni kuipuliza filta kwa kompresa ya kujazia matairi. Karatasi yake inatoboka vitundu usivyoviona, na hapo unakuwa umebadilisha tatizo: leo moshi unapungua kwa sababu hewa inapita, baada ya miezi michache vumbi limeshakula ringi za pistoni na laina (kuta za silinda), unaanza moshi wa bluu. Ukitaka kujua kama vumbi linapita, fungua bomba baada ya filta, pitisha kidole ndani. Kidole kikitoka na vumbi, usiwashe tena mashine hiyo mpaka upate linapoingilia.

Baada ya turbo kuna hoz na klempu mpaka kwenye intakula (kipoozea hewa), kisha mpaka kwenye manifoldi. Hapa ndipo nilipopata aibu iliyonifundisha. Kijiko kimoja kwenye machimbo ya mawe upande wa Buhongwa kilikuwa kinatoa moshi mweusi kila kikiingiza ndoo kwenye kifusi. Nilibadilisha nozeli zote 6. Nikashusha pampu, ikapimwa, ikarudi. Moshi uleule. Mzee mwenye mashine hakunigombeza, jambo lililonikera zaidi. Siku ya nne opereta wake, kijana mdogo tu, akaniambia, "Fundi, shikamoo, ila mimi nikikanyaga mafuta nasikia kitu kinapuliza huku chini." Hoz ya chini ya intakula ilikuwa imepasuka upande wa tumboni, mpasuko umefunikwa na grisi, na ulikuwa unafunguka turbo inaposukuma tu. Mashine ikiwa imesimama unaipapasa hoz yote na husikii kitu.

Tangu hapo nina chupa ya maji ya sabuni. Nyunyizia maungio yote, mwenzako aipandishe injini ikiwa na mzigo, wewe kaa mbali na feni uangalie mapovu. Tafuta pia utandu wa mafuta kwenye maungio. Mahali hewa inapovujia hupachora weusi wake.

Intakula na rejeta zina adui mwingine wa kwetu. Wanaokaa Kirumba, Igombe au visiwani wanajua: siku za mwezi mwandamo wadudu wadogo wanaibuka ziwani kwa wingi, kwa mbali utadhani ni moshi. Mashine inayofanya kazi ufukweni usiku na taa zimewaka huwavuta wote. Asubuhi mapezi ya rejeta na intakula yameshindiliwa wadudu na mafuta. Hewa inayoingia kwenye injini inakuwa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, masizi yanaongezeka. Osha kwa maji ya shinikizo dogo ukitokea upande wa feni, usiyalaze mapezi.

Turbo yenyewe ipime kwa vidole injini ikiwa baridi. Kucheza kidogo upande kwa upande ni kawaida. Ikisogea mbele na nyuma, au majani yake yakigusa nyumba, imekwisha. Angalia pia tapeti: valvu isiyofunguka vya kutosha inanyima silinda hewa, na ni kazi ya nusu siku kwa fila geji. Bomba la moshi lililobonyezwa na jiwe nalo hubana pumzi ya injini. Usilidharau kwenye machimbo.

Kwenye injini za pampu za zamani kuna kipaipu chembamba kinachotoka manifoldi kwenda juu ya pampu. Kazi yake ni kuiambia pampu, "turbo imeshaleta hewa, ongeza mafuta." Kikikatika, mashine inakosa nguvu. Ndipo fundi wa haraka anapokuja na bisibisi, anakata sili ya waya, anafungua pampu ili nguvu irudi. Nguvu inarudi kweli, na moshi mzito unakuja nayo. Ukikuta sili ya pampu imekatwa, umeshajibiwa lile swali la tatu.

Hewa ikishakuwa sawa na moshi bado upo, sasa nenda kwenye mafuta. Kwa injini za pampu ya kawaida, injini ikinguruma taratibu, legeza nati ya paipu ya nozeli moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki, au moshi unapungua ghafla, hiyo ndiyo ya kutazama. Jaribio hili usilifanye kamwe kwenye injini za kisasa za komoni reli. Humo dizeli iko kwenye shinikizo linaloweza kupita bar 1,600, inapenya ngozi ya mkono kama sindano, na jeraha linaloonekana kama tundu dogo linaweza kukugharimu mkono mzima.

Kuhusu dizeli yenyewe: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa haitoi moshi mwingi, tena inaweza kuupunguza, ndiyo maana watu hudanganyika. Mafuta ya taa hayalainishi pampu. Baada ya muda pampu na nozeli zimechubuka, nozeli zinadondosha badala ya kupuliza, na moshi unakuja ukiwa umeshalipia uharibifu. Serikali haiweki vinasaba (alama za kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta kwa mapambo. Nunua sheli unayoijua, omba risiti. Na wale wanaochanganya oili chafu kwenye tangi "ili isipotee", masizi na majivu yake wanayapeleka moja kwa moja kwenye pistoni.

Moshi mweupe

Hapa tumia pua kabla ya spana. Moshi mweupe unaowasha macho na kunuka dizeli mbichi ni mafuta yaliyotoka bila kuungua. Unaopotea hewani haraka kama mvuke wa chungu, bila harufu ya dizeli, huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yaliyoingia kwenye silinda: gasketi ya silinda hedi au hedi iliyopasuka. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado baridi, washa, tazama kama kuna mapovu yanayoendelea. Chomoa dipstiki, oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, zima na usiwashe tena.

Ule wa dizeli mbichi watu wengi huusingizia baridi. Baridi ipi, ndugu yangu? Hapa si Makete. Alfajiri ya Mwanza ni nyuzi 17 au 18, na injini nzima inatakiwa kuacha moshi mweupe ndani ya dakika chache. Ukiendelea, sababu ni kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) kupungua, saa ya kupiga mafuta, yaani wakati nozeli inapopuliza, kuchelewa, hita za kuwashia kufa, au maji kwenye dizeli.

Maji kwenye dizeli ni ugonjwa wa visiwani na ufukweni. Dizeli inavushwa kwa madumu na mapipa, inapigwa na mvua, mapipa yanasimama nusu tupu na usiku unyevu unageuka maji ndani. Jaza chupa ya plastiki inayoonyesha, iache saa moja. Maji yatakaa chini na mstari utauona. Pipa likifika liache lilale usiku kucha, chota kutoka juu, mkia wa chini usiutie kwenye tangi. Na ile koki ya chini ya filta ya kutenganisha maji iwekwe kwenye majukumu ya opereta kila asubuhi kabla ya kuwasha, kama anavyopima oili.

Kompresheni ipime silinda zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, kuna ringi au valvu inayovuja, na hakuna dawa ya chupa itakayokusaidia. Dukani utauziwa tu.

Moshi wa bluu

Ni oili inaungua. Saa inapotokea ndiyo inayokuambia. Ukitokea wakati wa kuwasha kisha ukapotea, ni sili za valvu. Ukitokea mashine ikishika mzigo, ni ringi na laina. Ukianza ghafla baada ya kubadilisha oili, chomoa dipstiki kwanza: huenda umezidisha. Angalia pia bomba la kupumulia la injini. Likiziba kwa tope, shinikizo linaisukuma oili popote inapopata njia, na turbo nzima italaumiwa bure. Vilevile bomba la kurudishia oili kutoka kwenye turbo likiziba, oili inafurika ndani ya turbo na kuingia kwenye hewa. Nimeona turbo mbili mpya zikifungwa mfululizo kwenye greda moja, na bomba la kurudishia likiwa lilelile la zamani lililojaa kaa.

Jenereta inayotema ute mweusi

Tajiri ananunua jenereta ya kVA 150 kwa sababu ilipatikana kwa bei nzuri, halafu inabeba taa, friza mbili za samaki na pampu ya maji. Inafanya kazi chini ya asilimia 30 ya uwezo wake. Silinda hazipati joto la kutosha, dizeli haimalizi kuungua, laina zinasuguka mpaka zinateleza na kung'aa kama kioo, na kwenye maungio ya bomba la moshi unatoka ute mweusi kama lami. Mafundi wanaifungua na kukuta hakuna kilichovunjika.

Kama bado haijafika mbali, ipe mzigo wa asilimia 70 au 75 kwa saa kadhaa: kodi hita za umeme, unganisha mashine ya kuchomelea, chochote. Itafuka vibaya mwanzoni, ikiunguza uchafu wake, kisha itatulia. Ukirudia matumizi yaleyale, ute utarudi. Jenereta ndogo kwa usiku ni hesabu nzuri kuliko ovahoo.

Ugonjwa huohuo unawapata vijiko vinavyoachwa vikinguruma mchana kutwa vikisubiri malori. Opereta hataki kuzima kwa sababu kibini ina kiyoyozi, au kwa sababu betri imechoka na anaogopa haitawaka. Rekebisha betri. Ila injini yenye turbo iliyotoka kwenye kazi nzito iache dakika 3 hadi 5 ipoe kabla ya kuizima.

Mashine za kisasa zenye taa ya onyo

Sasa bandarini zinashuka mashine za mitumba kutoka Ulaya na Japani zenye chujio la masizi, lile tunaloliita DPF, na tangi la urea, maji yanayopulizwa kwenye bomba la moshi ili kichocheo kilichomo humo kipunguze gesi za sumu. Zilitengenezwa chini ya masharti makali. Kiwango cha Ulaya kiitwacho Stage V, kilichoanza 2019, kinaruhusu gramu 0.015 tu za masizi kwa kilowati-saa kwa injini za kilowati 56 hadi 560. Zikiwa nzima, kitambaa cheupe mdomoni mwa bomba kinabaki cheupe. Zikisumbua, mwenye nazo anaambiwa "kata DPF." Mimi sikati. Sijifanyi mtakatifu, ninajua tu kwamba chujio halizibi lenyewe, kuna kitu kinalizibisha, na ukilikata kitu hicho kinabaki ndani ya injini.

Dalili: taa ya chujio inawaka mara kwa mara, nguvu inapunguzwa na kompyuta, oili kwenye dipstiki inapanda badala ya kushuka. Hiyo ya mwisho ni ya hatari. Ili kuyaunguza masizi, injini inaongeza dizeli ili joto kwenye chujio lifike nyuzi 600 hivi. Opereta asiyejua anazima katikati, kesho inaanza upya, na sehemu ya dizeli inateremka kwenye oili. Oili nyepesi inakula beringi. Mwambie opereta: taa ya kujisafisha ikiwaka, egesha mbali na nyasi kavu na uiache imalize. Nilikuta mmoja ameibandika ile taa seloteipu nyeusi kwa sababu "inamsumbua macho usiku."

Masizi yanaungua, majivu ya oili hayaungui. Ndiyo maana mashine hizi zinataka oili ya majivu machache, iliyoandikwa CJ-4 au CK-4, na baada ya saa elfu kadhaa chujio linashushwa na kusafishwa. Dizeli nayo ina mchango. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni kuanzia 2015; mashine ya Stage V ilisanifiwa kwa dizeli ya 10. Kwa hiyo fupisha muda wa kubadilisha oili, na usitegemee chujio lidumu kama kitabu kinavyosema.

Urea ni asilimia 32.5 ya urea safi ndani ya maji safi. Urea ya mfuko ya kukuzia mahindi haifai, hata uichuje kwa kanga mara ngapi. Uchafu wake unaua kichocheo na kuziba nozeli kwa fuwele nyeupe. Ununuzi wa madumu mengi nao ni mtego: kwenye joto la nyuzi 35 dumu lina miezi 6 hivi tu ya uhai. Liweke kivulini.

Kuna valvu nyingine inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, EGR. Ikiganda wazi, unapata moshi mweusi. Ikiganda imefungwa, huoni kitu, na hapo ndipo penye mtego.

Moshi hauonekani, macho yanawasha

Gesi za oksidi za naitrojeni hazina masizi ya kukuonyesha. Zinazaliwa moto ndani ya silinda ukiwa mkali mno. Fundi anayeiwahisha saa ya kupiga mafuta ili "moshi upotee" anafanikiwa kweli: masizi yanapungua, mashine inagonga kidogo, gesi hizi zinaongezeka, na tajiri anafurahi. Kwenye ghala lililofungwa, kwa mfano foklifti ya dizeli inayopakia magunia, vijana wanakohoa na hakuna anayeona sababu. Rudisha saa kwenye alama ya kitabu, kwa geji, si kwa sikio. Na foklifti ya dizeli isikae ndani ya ghala lenye mlango mmoja.

Nikimaliza kazi sijaribu kwa kuipigisha injini kelele barazani. Turbo yoyote hutoa fundo la moshi ukikanyaga ghafla. Najaza tangi mpaka shingoni, nasoma mita ya saa, mashine inarudi machimboni siku nzima na opereta wake wa kawaida. Jioni najaza tena kwa dumu lenye vipimo, nagawa lita kwa saa, naandika kwa rangi nyeupe ndani ya mlango wa injini, pamoja na tarehe. Kile kijiko cha Buhongwa kina mistari minne sasa, na mstari wa kwanza, wa kabla ya ile hoz, mzee amekataa nisiufute.